Chuo Alichokikataa Nomsa

Johannesburg, Jumapili

Dada yangu Mwanahawa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Na shemeji, kikohozi kimemwacha au bado kinawakesha wote wawili? Huku tu wazima, ila baridi inatutia adabu. Leo nina habari, kwa hiyo kaa kitako kwanza.

Unajua Nomsa, kitinda mimba wangu, amemaliza shule. Mwezi uliopita nilifunga meza yangu ya vitenge pale Newtown, tukapanda basi kwenda kutazama chuo katika mji mmoja mdogo. Dada, mji ule! Una barabara kuu moja na robot moja tu, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani. Milima iko pale pale nyuma ya nyumba. Kuna duka la vitabu vya mitumba, mwenye duka anasinzia mlangoni na paka wake. Hapa Johannesburg ukimsalimia usiyemjua anakumbatia mkoba. Kule nilisalimiwa mpaka nikachoka kuitikia.

Chuo chenyewe si kikubwa kuliko shule yetu ya msingi. Hawakufundishi kazi moja. Mwaka wa kwanza unaonja historia, falsafa, elimu ya nyota, muziki, ndipo uchague. Wazazi tuliruhusiwa kuingia darasani. Nikapiga hodi kwa mazoea. Mwalimu akanivutia kiti. Wanafunzi wachache, wamekaa duara. Akauliza: ahadi ikianza kumuumiza aliyeitoa, aitimize tu? Mimi na mdomo wangu nikasema kwetu ahadi ni deni. Binti mmoja akanigeukia: "Sawa, Mama, lakini aliyeahidiwa si yuko hai? Kwa nini asiulizwe?" Nikambishia, naye akanibishia. Kipindi kilipokwisha nilikuwa nimesimama, nimesahau kabisa kwamba nimemleta mtoto.

Tulipotoka Nomsa akanicheka, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Eish, Mama, mimi kimya cha hapa kitaniua. Nabaki Joburg. Hapa ni pako wewe."

Nilidhani ananitania. Lakini nikaulizia, nikaambiwa watu wazima wanapokewa, nikaomba. Wamenikubali, dada! Mimi Tatu, niliyeacha shule nikamfuata mume! Tangu Alhamisi sijatulia, naimba hata nikiosha vyombo, na Nomsa ananiita mwanachuo.

Sasa kuna linalonikaba. Ulipokuja kumzika marehemu mume wangu, nilikuahidi kwamba Nomsa akimaliza shule narudi Morogoro tuzeeke pamoja. Najua umeshanijengea chumba, umeshakipaka rangi, na mtaa mzima umeshautangazia. Chuo ni miaka mitatu. Kwa umri wetu si michache, na kwa mama yetu tumebaki wawili tu. Naogopa. Ndiyo maana nimeandika. Kwenye simu ningezungumzia hali ya hewa.

Nisalimie shemeji, na wifi yetu Salome, mjane wa kaka. Shangazi Mariamu mwambie khanga aliyonipa bado naivaa, imebaki nyuzi.

Basi nakuuliza wewe uliyeahidiwa. Ukisema rudi, nitarudi. Nitanuna, unanijua, lakini nitarudi. Ukisema nenda, usiniandikie. Nipigie, nisikie kwenye sauti yako kama unasema kwa moyo.

Mdogo wako akupendaye,
Tatu