Manukato Yako na Sweta la Kijivu

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Kifua kimepona? Baridi ya huko usiifanyie mzaha, vaa soksi hata ukiwa ndani. Sisi wazima, ila mguu wangu ni uleule.

Mzigo umefika. Umeniomba nikwambie manukato yakoje, nisikufiche. Basi sikufichi. Chupa nzuri, nzito mkononi. Ukipuliza, kwanza yanakuja maua meupe, mpaka unafumba macho. Halafu maua yanajiondokea, inabaki vanila tupu, tamu, tamu, kama umefungiwa jikoni kwa muoka keki. Kichwa kiliniuma. Na hayatoki! Nimeoga, yapo palepale.

Nilijipulizia nikaenda nayo kazini, pale kwa dobi. Dobi akaniuliza, "Mama, leo tunapiga pasi au tunaoka?" Tukacheka. Kumbe harufu imeshaingia kwenye mashati ya watu. Mteja mmoja akarudi kanuna, mkewe kamuuliza hilo shati lililala wapi. Dobi hakucheka tena.

Hayo madogo.

Uliniandikia kwamba siku hizi hiyo ndiyo harufu yako, nilipulizie lile sweta lako la kijivu analolala nalo binti yako Kidoti, ili asikusahau. Nikafanya ulivyosema, maana mama yake ni wewe. Mwanangu, alilinusa akalisukuma. Nikamrudishia, akalitupa chini. "Si la mama." Akalia mpaka sauti ikamkauka. Nami nikaliinua nikalinusa, natafuta mafuta yako ya nywele, natafuta jasho lako. Hamna. Maua tu. Nikalifua, nikalianika juani. Sasa ni maua na sabuni.

Siku hizi halali mpaka ashike sikio langu. Na jana kaniita mama. Sikuitika, nikajifanya natafuta sindano.

Kuondoka kwako sikulaumu, umefuata riziki. Lakini we binti, mama hapulizwi kutoka kwenye chupa! Nimeifunga, nimeiweka juu ya kabati. Usitume nyingine.

Kama likizo wamekunyima tena, nakuomba kitu kimoja. Vua nguo uliyoshinda nayo kazini, usiifue, usiipulizie chochote, ifunge vizuri kwenye mfuko wa plastiki uitume. Utaona haya, najua. Hata kama inanuka, mwache mtoto ainuse.

Shangazi yako anakusalimu, na kaka yako pia. Fundi cherehani jirani yetu naye anakusalimu, anasema kama manukato hayana mwenyewe, yeye yupo. Mwone huyo.

Mungu akulinde huko, akufungulie njia urudi mapema, huyu mtoto hajazoea bado.

Nakupenda hata nikinuna.

Ni mimi mama yako. Wako wewe, si wa Kidoti.