Siku Niliyomwamrisha Mzee Wani

Mama yangu, nakusalimu pamoja na kitoto changu kilichoko mgongoni mwako.

Joto la Juba ni kali, jasho linadondokea mwanasesere wa mafunzo tunayemkandamiza kifua darasani. Leo niliongoza zoezi la kumwokoa mgonjwa ambaye moyo wake umesimama. Nikamwambia Mzee Wani, muuguzi mwenzangu mwenye mvi kutoka Rejaf, "Samahani baba, naomba oksijeni."

Mwalimu akatukatiza. "Ukimaliza adabu zako mgonjwa ameshakufa! Anza tena."

Nikavuta pumzi. "Wani! Oksijeni, sasa!"

Mzee akakimbia kweli, akarudi anacheka: "Binti wewe, hata mke wangu hanitumi hivyo!"

Nimechoka, maziwa yananilowesha blauzi, lakini bila cheti cha mafunzo haya sirudi nyumbani. Nikifika nitakuamrisha mara moja tu: Mama, nipe mtoto wangu.

Akupendaye sana,
Keji