Haikuwa Sumu, Yaya

Yaya Furaha, dada yangu mukubwa,

Ni mimi, mudogo wako Yosefina. Nimesali mbele ya kuandika, lakini roho imekataa kutulia. Majibu ya kile kipande cha nyama walikukata nyuma ya pua imefika. Imepita majuma tatu tangu tukuzike, Yaya.

Munganga wa hopitali aliniita, akafunga mulango. Ni kansere. Akasema kuna virusi moja, karibu kila mutu anaibeba tangu utoto, inapita mu mate, na kwa wengi inalala tu. Kwa wachache, kisha miaka mingi, inasaidia kuleta kansere pale nyuma ya pua, halafu inashuka mu shingo. Nikamuuliza, "Sasa nani alimupatia?" Akaniangalia na huruma. "Mama, hapa hakuna mutu wa kushitaki. Hata weye labda uko nayo."

Na siye tulikuwa tumekwisha kushitaki.

Wakati uvimbe ulianza, ulicheka: "Shingo yangu iko na mimba, mutoto nitamupa jina lako." Kisha sikio likaziba, pua ikatoka damu. Mimi njo nilisema wa kwanza: sumu. Ulikuwa umekunywa chai kwa Mama Rebeka, rafiki yako wa soko, kule Iga Barrière. Kisha vita ya makabila, siku hizi watu wanasalimiana, lakini roho hazijalala, na Rebeka si wa luga yetu. Jina lake lilinitoka mbio. Weye ulikataa: "Rebeka? Hapana. Usiseme vile, Yosefina."

Sikukusikia. Nilikupeleka kule Bigo kwa muzee moja wa dawa ya miti, akutapishe ile sumu. Miezi mine, mbele ya kukufikisha hopitali! Ulitapika na koo yenye vidonda, ukinikamata mukono, na mimi nikiimba nyimbo za kanisa, nikizani tunashinda. Nisamehe. Sijui hata naomba nini.

Kwa matanga yako Rebeka alikuja juu ya moto, pikipiki ya kulipia, na mufuko wa sukari ya chai ya watu. Nikasimama mbele ya wote: "Weye njo ulimuua!" Vijana wakamusukuma, sukari ikamwangika mu matope. Alisema tu, "Furaha anajua." Akaenda kwa miguu.

Sasa kule Iga hakuna mutu ananunua kwake. Wanamuita mama wa sumu. Juma hii walitupa mawe juu ya nyumba yake, watoto wakiwa ndani. Wakimuua, Yaya, ni mimi. Pasta anasema Mungu amenisamehe. Lakini mawe, nani atayasimamisha?

Kesho, kisha ibada, napanda moto mpaka Iga na ile karatasi ya munganga. Nitasimama katikati ya soko, niseme kwa nguvu kama nilivyosema kwa matanga: Rebeka hakumuua dada yangu, mimi njo nilidanganya. Naogopa sana. Akinifukuza, nitarudi kesho kutwa, na siku ingine, mpaka watu wa soko wamuuzie na wanunue kwake.

Pumzika kwa Bwana, Yaya wangu. Ulimutetea ukiwa mugonjwa. Mimi naahidi kumutetea nikiwa muzima.

Mudogo wako,
Yosefina