Nusu Mkate na Kidogo

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, tarehe 26 Novemba.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limepunguza kukusumbua kwenye ngazi za huko. Sisi hatujambo. Baba amenunua miwani, basi hatupumui: anatusomea kwa sauti mpaka maandishi ya kwenye sabuni. Mama anasema kaka yako amezaliwa upya, ila safari hii kazaliwa anaongea.

Habari yangu ni kwamba nimeshika chaki. Wakati ninapongojea matokeo ya mtihani, Mwalimu Mkuu ameniomba nishikilie darasa la tano, kwa kuwa mwalimu wao amejifungua. Ni chumba chako kilekile, Shangazi. Kabati bado halifungi, na nyuma ya mlango bado upo ule msumari uliokuwa ukitundikia mkoba wako.

Wiki ya kwanza nilikuwa nikiuliza, "Mmeelewa?" nao wote, "Tumeelewaaa!" Nikawa narudi nyumbani kichwa kimevimba. Siku moja Mwalimu Mkuu alisimama dirishani, akacheka. "Binti, umewauliza watoto arobaini. Amekujibu nani?" Tangu hapo, kabla ya kutoka, kila mtoto ananijibu swali moja kwenye kikaratasi, nami naona nimemwacha nani na nimemwacha wapi.

Lakini kuna jambo linalonifuata kila ninapoingia mle ndani. Katika darasa hilo yumo mdogo wake Kijiti. Bila shaka unamkumbuka Kijiti, yule mwembamba niliyekaa naye dawati la pili. Mdogo wake amekaa palepale, anainamisha shingo vilevile, anatafuna penseli vilevile. Nikiita majina nasita kabla ya kumtazama. Hata mchana darasa likiwa tupu, nikiwa nasahihisha peke yangu, nasikia ule mlio wa meno kwenye penseli. Nikiinua kichwa, hakuna mtu.

Jumatano niliwapa jaribio la mwisho la hesabu za sehemu, lile linaloamua nani atarudia darasa. Swali la kumi lilikuwa hili: mikate mitano, watoto wanane, kila mmoja apate kiasi gani? Karatasi mbili zilikuwa na jibu moja: "Nusu mkate na kidogo." Moja ilikuwa ya mdogo wake Kijiti, imechafuka kama iliyookotwa njiani. Nyingine ya jirani yake, msichana mtulivu, mwandiko wake kama wa kadi ya harusi. Kalamu nyekundu ikaenda yenyewe kwenye ile iliyochafuka, ikaandika sifuri juu ya ukurasa mzima. Nikaitazama ile sifuri, nikaweka kalamu chini. Niliwahi kuiona.

Shangazi, sijui niliandikeje hili. Mwaka ule uliotufundisha, karatasi mbili zilifanana mpaka makosa ya herufi. Uliinua ya Kijiti mbele ya wote, ukasema, "Mwenzako amekaa kimya anafanya kazi, wewe unamwibia." Mimi nikatazama viatu vyangu. Aliyenakili ni mimi. Kijiti alipata sifuri, akarudia darasa, na mwaka uliofuata hakuonekana tena shuleni. Mimi ulinipa saba, na Baba akaibandika ukutani.

Basi Alhamisi niliwaita wale wawili, kila mmoja peke yake, nikamwambia kila mmoja anieleze alivyofikiri. Yule mtulivu alisema, "Ni nusu... na kidogo, Mwalimu," kisha akatazama viatu vyake. Mdogo wake Kijiti hakusita. "Mikate minne naikata nusu nusu, wote wanane wanapata. Unabaki mmoja, naukata vipande vinane. Jina la kile kipande ndilo sijui, nikaandika kidogo."

Alikuwa amepatia, Shangazi. Kasoro jina tu, na jina hilo ni mimi niliyetakiwa kumfundisha. Nilifuta ile sifuri mpaka karatasi ikatoboka. Yule mtulivu sikumwaibisha. Baada ya kengele tunakaa naye tunakata mikate ya karatasi, na juzi alisema "sijaelewa" kwa sauti ndogo sana. Nilikaribia kulia.

Jana nikaenda kwenye duka la dobi anakopiga pasi Kijiti. Nilimweleza yote nikiwa nimeshika ukingo wa meza. Pasi haikusimama.

"Nilijua," akasema. "Tulikaa kiwiko kwa kiwiko, ningekosaje kujua? Nilikuwa nangoja useme. Nikangoja, nikangoja, nikachoka." Akageuza kola ya shati. "Shangazi yako anajua?"

Nikatikisa kichwa kukataa.

"Sasa unaniambia mimi ya nini?"

Ndiyo maana nimekuandikia.

Nisalimie binamu zangu, yule mkubwa na wale mapacha, na jirani yako fundi cherehani. Kijiti hakunipa salamu zako, nami sikuthubutu kumwomba. Mungu akutunze, akupe usingizi mwema, na goti lako alipe pumziko.

Ombi langu ni moja. Wewe hutupi kitu, najua lile daftari la alama unalo. Lifungue, utafute majina ya dawati la pili. Saba yangu ihamishie kwake, na mbele ya jina langu uandike sifuri. Kisha unitumie ukurasa huo, niupeleke dukani.

Wako akupendaye,
Yule mtulivu