Bi Groku

Jumatatu, 3 Februari

Kazi ya ubao tena. Mkuu wa shule anataka neno jipya la Kiingereza kila wiki kwenye ubao wa matangazo. Maneno ya kawaida wanafunzi wameyachoka. Nimeazima kamusi kuukuu ya maktaba, ile isiyo na jalada.

Jioni ugali wa muhogo na kisamvu. Tumekula barazani kama kawaida. Bi Rukia, mama mzee wa nyumba ya pili, amesimama kwenye uzio wa makuti mpaka tumemaliza. Nimemkaribisha. Amesema amekula. Hakuondoka. Simwelewi huyu mama.

Jumatano, 5 Februari

Yuko tena. Sufuria ikifunuliwa tu, kichwa kinachomoza. Anajuaje? Mume wangu anasema huyo ana jicho, tuhamie ndani. Nilimcheka. Lakini mwanetu Neema anaharisha tangu asubuhi. Nimeacha kucheka.

Alhamisi, 6 Februari

Nimelipata neno. Groak. La zamani sana, kamusi inasema halitumiki tena. Maana yake kumkodolea macho kimya mtu anayekula, ukitumaini atakupa. Waingereza walikuwa na kitenzi kizima kwa ajili ya hilo! Nimeliandika ubaoni, na mfano chini yake: bibi wa jirani hufanya hivi kila jioni kwenye uzio wangu.

Kidato cha Tatu wakauliza, "Madamu, si kudoea tu hiyo?" Nikawaambia hapana. Mdoezi hupiga hodi, hutia stori, husifia mchuzi. Huyu hasemi kitu. Macho tu. Wameelewa haraka kuliko somo lolote mwaka huu. Nimerudi nyumbani najiona mwalimu kweli.

Jumamosi, 8 Februari

Watoto njiani wanapiga kelele: "Bi Groku! Bi Groku!" Nusu ya darasa wanakaa mtaa huu, watashindwaje kumjua? Yeye anawapungia mkono. Anadhani wanamsalimia.

Nimejisikia vibaya mno. Halafu hasira. Nani alimwambia asimame pale?

Jumapili, 9 Februari

Uzio mtupu. Tumekula kwa raha. Au nilidhani ni raha.

Jumanne, 11 Februari

Hayupo. Nakula huku natazama makuti. Mume wangu anasema ameshtukia kwamba tumemshtukia. Kwa nini sasa, baada ya kunizoeza? Ana jambo. Neema amepona, kumbe alikula maembe mabichi na wenzake. Jicho halikuhusika. Lakini bado simwamini yule mama. Mtu haangalii sahani ya mwenzake bure.

Alhamisi, 13 Februari

Nimekwenda kwake. Kwa shari kidogo, niseme ukweli. Nilitaka aniambie anatafuta nini kwangu.

Shikamoo. Marahaba. "Karibu mwanangu, karibu tule," akasema, kama anavyosema kila mtu huku. Nikachungulia jikoni nione anakula nini. Katikati ya mafiga, juu ya majivu, kuku ametaga. Kuku mwenyewe si wake, ni wa jirani. Kuku hatagi penye moto.

Shamba lake liko Njinjo. Tembo walilimaliza msimu uliopita, amenieleza kwa sauti ya kueleza habari za mvua. Hakuomba kitu.

Nimerudi nimekaa. Siku zote nilimwambia karibu huku mkono wangu uko kwenye sahani. Karibu ya mdomo. Mtu mzima haitikii karibu ya namna hiyo. Atasema amekula, kisha atasubiri uinuke, umletee maji ya kunawa; usipoinuka, siku moja ataacha kuja. Maji ndiyo karibu yenyewe. Kwetu Newala mama alitangulia kuinuka na kata ya maji, neno likafuata nyuma. Nimelelewa hivyo. Na sikuinuka hata siku moja.

Nina aibu. Kubwa.

Ijumaa, 14 Februari

Nimelifuta neno ubaoni kabla ya kengele. Kidato cha Tatu nimewagombeza mpaka sauti ikakauka. Wamenitazama tu. Mfano si niliuandika mimi?

Jioni njiani nimelisikia tena. Safari hii ni watoto wadogo, hawajafika hata darasa la kwanza.

Jumapili, 16 Februari

Baada ya kanisa nimepika wali na samaki wa nazi. Nimemfuata Bi Rukia kwake, nikamshika mkono mpaka barazani. Nimemmiminia maji mwenyewe. Hakusema amekula. Amenawa taratibu, kidole kimoja kimoja.

Tulipokuwa tunakula, mtoto akapita nje ya uzio akaita lile jina. Bi Rukia akampungia mkono wa kushoto. Akanigeukia.

"Mwalimu, hilo wananiita maana yake nini?"

Nikamwambia ni Kiingereza cha zamani. Hakitumiki tena.

"Mbona kinatumika," akasema, akamega samaki, akampa Neema mnofu usio na miba.