Kiraka cha Mvukuto

Soni,
14 Agosti 2004

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ule mguu umepunguza kuuma. Mimi nimenenepa hata shati la Idi halifungi, ila usingizi ndio umenikimbia.

Mama, mwanao sasa ni mtu mkubwa. Wataalamu wanaochimba mahali wazee walipoyeyusha chuma, huku juu ya Soni, hawagusi kitu bila kuniuliza. Darasa langu la tano linawatosha kabisa! Wamekuja na miwani mikubwa kama kofia ya pikipiki, yenye waya hadi kwenye kompyuta. Ukiivaa, huoni tena shimo na vigae. Unasimama mbele ya tanuri la miaka mia tano iliyopita, linawaka, na mtu anavukuta, anapuliza moto kwa mvukuto wa ngozi. Mtu huyo ni mimi, walinipiga picha. Siku ya soko Mwajuma muuza peasi aliivaa, akakimbia cheche, akaketi ndani ya tenga lake mwenyewe. Matusi aliyonipa sikuandikii.

Juzi akaja Mzee Rubeni wa huko kwetu Bungu. Akavaa, akachutama. Halafu akaniuliza mbele ya wataalamu kama watu wa zamani hizo walivaa viatu vya kamba, maana mvukuto ule una kiraka chenye matundu ya kamba. Wataalamu walicheka. Mimi sikucheka. Mzee akavua miwani, akasema alimwona marehemu Baba akikishona kiraka hicho kwa ngozi ya kiatu chake, na kwamba mdogo wangu Jafari anabeba magogo Shume kwa kusingiziwa wizi wa mvukuto huo.

Mama, ni mimi. Nilijigamba kwamba nitawaletea mvukuto wa mababu, nikauchukua ule wa Baba ulipokwenda matangani, nikidhani nitaurudisha kabla hujagutuka. Ulipomfukuza Jafari ukidhani ndiye mwizi, kwa kuwa aliwahi kuuza nyundo ya Baba, nilikuwepo. Nikanywa chai yako, nikanyamaza. Hata siku ya Idi ulipomnyima mkono, nilikuwa nimekaa palepale.

Wataalamu nimewaambia ukweli. Wamenikunjia uso, na picha yangu wanaifuta. Waifute.

Kesho napanda Shume kumpigia Jafari magoti. Akikubali, Ijumaa tutafika nyumbani mchana, watu wakitoka msikitini. Mvukuto nitaubeba mimi, kichwani. Yeye atatangulia, mikono mitupu.

Nisalimie majirani wote. Na wewe Zakia unayemsomea Mama, tafadhali dada, usiruke mstari hata mmoja.

Mimi mwanao,
Faraji Hassani