Kwa Wifi Salma, Aliyetukataza Kuanza na Nyumba Zetu

Mpendwa wifi,

Jumanne niliingia nyumbani kwako, kule bondeni Wadi Kabir, nikakuta kanga yako bado imetundikwa nyuma ya mlango wa jikoni. Nikaitazama. Sikuhisi kitu. Nakwambia mapema usije ukadhani hii ni barua ya kilio, kwa sababu tangu tulipokuzika sikuwa nimetoa chozi hata moja. Watu walikuja msibani wakanishika mikono, nikawamiminia kahawa, nikawauliza safari zao. Shangazi akanisifu kwa subira. Haikuwa subira, wifi. Nilikufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya, unaugusa na unajua ni wako lakini haukujibu.

Nakuandikia kwa sababu ya mvua, na mambo ya mvua hayana mwingine wa kuambiwa.

Unayakumbuka mafuriko yale ya mwanzo? Ulikuwa bibi harusi wa miezi mitatu, hina haijakutoka vizuri kuchani. Maji yaliingia getini kabla ya adhuhuri, ya rangi ya chai, yakileta matairi ya gereji za huko juu. Mama tulishampandisha juu ya paa. Kaka Nassor alikuwa kazini, amekwama Ruwi. Na mimi, wifi mtu mwenye akili zake, nikapiga kelele: "Friji!"

Tukalibeba. Lile friji lako la harusi, lenye plastiki bado mlangoni. Mimi juu kwenye ngazi natoa amri, wewe chini.

"Nyanyua upande wako!"

"Wifi, upande wangu ndio huu wote!"

Tulicheka mpaka tukakosa nguvu. Tukarudi kuchukua zulia, tukarudi kuchukua mashine ya kushonea, tukarudi tena kwa ajili ya dhahabu. Mara ya nne tukiwa juu, tumelowa, tunajiona mashujaa, mama akauliza, "Na Mzee Khalfan je?"

Mzee Khalfan, nyumba ya ng'ambo ya njia, mjane, miguu haimbebi. Tulimkuta ameshika nondo za dirisha, maji kifuani. Tukamvuta, tukampandisha, tukamkalisha kwenye zulia letu kavu. Alilitazama friji, akaitazama mashine ya kushonea. Kisha akasema taratibu, bila hasira:

"Najua, wanangu. Mlikuwa na shughuli."

Hakulitaja tena jambo lile mpaka alipofariki miaka mingi baadaye, kitandani kwake, kwa maradhi ya uzee. Wewe ndiye uliyekuwa ukilitaja. Mimi nililisahau kwa makusudi.

Tope lilipokwisha kufagiwa ukaanza kuzunguka njia nzima na buibui lako, nyumba kwa nyumba. Ulisema siku ya maji mtu asianze kwake. Kila nyumba iitazame ile inayoelekeana nayo, na ya kwako mwachie jirani. Wanaume wakacheka, kaka akawa anakuita waziri. Wewe ukawaambia, "Kwako utatoa na zulia. Kwa jirani utatoa watu tu." Hapo wakaacha kucheka, maana kila mmoja alikuwa na zulia lake.

Ukaanzisha na mazoezi. Kila mwaka, wingu halijaonekana, unatuweka foleni kumbeba mama na kiti chake mpaka juu. Mama analalamika kuwa anachezewa. Mwaka mmoja alikataa katakata, ukaweka gunia la mchele kitini badala yake, yeye akatufuata nyuma akilikosoa lile gunia kuwa halikukaa vizuri. Mwisho akalishusha, akakaa mwenyewe.

Kisha nikaolewa, nikahamia Ansab, kwenye nyumba yenye ukuta mrefu na miti iliyopangwa. Nyumba ya Mzee Khalfan wakapangishwa wale wasichana sita wa Kiganda, wa kazi za usafi. Nilipokuja nikasikia kwamba sasa wao ndio watakaombeba mama, na wewe ndiye utakayewatazama wao, nilikuja juu.

"Mama yangu abebwe na watu tusiowajua?"

"Basi wajue," ukasema.

Ukanipa sahani ya mkate wa kumimina niwapelekee na niwaulize majina. Nisikie leo, kwa sababu hukuwahi kuniuliza na mimi sikukwambia: niliiweka ile sahani mlangoni pao, nikapiga hodi, nikarudi kwenye gari. Nilikuwa na haraka. Sikuwa na haraka yoyote.

Maji yakaja tena. Mimi nilikuwa kwangu, mkavu, nimeshika simu. Ukaniambia kwa kukatakata kwamba mmoja wao, Sauda, alikuwa amelala ndani kafunga mlango, katoka zamu ya usiku, hasikii, na wewe unavuka na ufunguo wake. Nikakuuliza, "Umemwacha mama kwa nani?"

"Kwa wenyewe wa kumbeba," ukasema, simu ikakatika.

Nakato na mwenzake, katika wale sita, walikuwa tayari wamemfikisha mama juu na kiti chake. Sauda ulimwamsha maji yakiwa yamegusa godoro. Kila mtu salama. Na mimi nilikununia miezi miwili. Nilisema, tena mbele ya watu, kwamba mke wa kaka yangu anamwacha mkwewe kwenye maji akimbilie watumishi. Najua yalikufikia. Ulinipigia siku ya Idi ukaniuliza habari za watoto, basi. Sikukuomba radhi. Nilidhani zipo siku. Ukaumwa, ukafa, kwa haraka ile, na mimi nikabaki vilevile, namimina kahawa.

Sasa nikupe ya Jumanne.

Asubuhi simu zote zililia tahadhari ya mvua kubwa. Kaka akanipigia. "Njoo umchukue mama umpeleke kwako. Salma hayupo, mambo yale yamekwisha." Hakusema kwa ubaya, sauti yake ilikuwa imechoka. Nami nikaona sawa. Nikaendesha mpaka kwako, nikamkuta mama amekaa ukumbini na bakora yake. Nikamwambia tunakwenda.

"Mie s'endi."

"Mama, kuna mvua."

"Nnajua kuna mvua. Nkenda Ansab, Sauda nani atamwamsha? Nassor kazini, watoto skuli. Hakhi ya watu hiyo, si ya kwako wala yangu." Akanikazia macho. "Huko kwako, jirani wako wa mbele nani?"

Nikafikiri. Najua gari yake, nyeupe. Nikamwambia mama, ana gari nyeupe.

Akaegemea bakora yake. Angenitukana ningefurahi. Nilisimama pale nikaelewa jambo moja tu, tena kwa ubaridi, kama mtu anayesoma kibao barabarani: nikimtoa mama, nyumba mbili zinakosa mtu, hii na ile anayoitazama. Lile ulilolijenga miaka yote litavunjwa na mimi, kwa gari yangu, saa nne asubuhi. Nikampigia mume wangu nikamwambia nabaki huku mpaka mvua ipite, na kabla ya yote avuke akamgongee yule mwenye gari nyeupe. Akauliza amwambie nini. Nikamwambia amuulize jina, kisha amwambie la kwetu.

Nikavuka njia. Nilipiga hodi na safari hii nikangoja. Nimewajua majina yote sita, wifi. Nimejua nani analala mchana wiki hii. Sauda alinikumbatia akalia begani kwangu, akikulilia wewe. Nilimpigapiga mgongo, nikatazama ukutani. Nilisikia haya kuliko huzuni.

Alasiri Nakato akaja kwetu na daftari lake, kama ulivyomzoesha. Hakukaa mpaka mama alipomwambia akae.

"Dada, sisi tunaulizanga kila mara mvua ikikaribia," akaniambia. "Madamu Salma alisema watu wanaingia, watu wanatoka, usikisie. Hapa ndani muko wangapi?"

"Sita."

Akaandika. Kisha akarudia kwa kidole, taratibu. "Mama. Bwana Nassor. Watoto wawili. Wewe." Akanitazama. "Wa sita nani?"

Nikamjibu hapohapo, kama mtu aliyeulizwa jambo jepesi. Nikalitaja jina lako.

Mama aligeuza uso dirishani. Nakato hakunihurumia, alishika kalamu yake tu akingoja nijisahihishe. Nilifungua mdomo niseme watano. Neno dogo, mtoto wa chekechea analijua. Halikutoka. Nililijaribu tena, na safari ile kilichotoka hakikuwa neno, na hakikukoma mpaka adhana ya magharibi, na mama aliniacha, na Nakato naye alikaa vilevile, daftari pajani, bila kufuta ile sita.

Niwie radhi, wifi. Mungu akulaze pahala pakavu.

Wifi yako